Kabla hujageuza skrini, uliza picha inakaa wapi

Siku nyingi sijaandika, si mnajua tena mambo ya mwaka wa mwisho: projekti, ripoti, foleni ya maabara, na bumu ambalo likiingia linakuta madeni yamepanga mstari. Ila leo sitaongelea bumu. Nina hoja moja inanikereketa tangu tuanze kuchagua projekti, nayo ni hii: wengi wetu tunaosoma elektroniki na kompyuta tunajua kugeuza skrini, lakini hatujui tumegeuza nini.

Naomba nieleweke. Sisemi skrini ya simu, ile ukiilaza picha nayo inalala yenyewe. Nasema vile vioo vidogo tunavyofunga kwenye vifaa: vipima joto, mashine za kutotolesha vifaranga, vidhibiti vya pampu, mabango ya taa ya madukani. Kioo kimetoka kiwandani kisimame wima, boksi lako linataka kilale. Au kimefungwa kichwa chini kwa sababu waya unatokea juu. Utafanyaje?

Jibu la hapa kampasi ni moja tu: desa. Kuna jamaa ana programu ya mwaka jana, ndani kuna mstari umeandikwa setRotation, kwenye mabano unaweka 0, 1, 2 au 3, unajaribu mpaka ikae sawa. Ikikaa sawa unapiga picha, unaandika ripoti, unapeleka kwa supavaiza, biashara imeisha. Mimi nasema biashara haijaisha. Mtu aliyepata jibu kwa kujaribu namba 4 hajajua kitu, na siku kioo kikikataa atanunua kingine, kisha kingine, mpaka bumu liishe.

Swali la kwanza halitakiwi kuwa "nageuzaje". Swali la kwanza ni: picha inakaa wapi? Ukishajua picha inakaa kwenye kumbukumbu ya nani, utajua nani wa kuigeuza. Ngoja nianze na mfano mdogo kabisa halafu tupande.

Pale mtaani kwetu Ngarenaro (kwa wasiojua, ni kata ya hapa Arusha mjini, jina limetoka kwenye Kimaasai, maji meusi) kuna mama mmoja jirani anatotolesha vifaranga kwa mashine ya boksi la mbao. Ndani kuna balbu, feni, karai la maji, na kipimo cha joto na unyevu. Fundi aliyeitengeneza alifunga kioo cha namba kichwa chini, maana waya wa kipimo ulikuwa mfupi na unatokea juu ya boksi. Joto likiwa 37.5 kioo kinasomeka 5LE. Hapo hakuna neno, kila mtu anacheka na kuinamisha shingo. Hatari iko kwenye unyevu.

Zile namba zinazoundwa na vijiti 7 vya taa zina tabia yake. Ukizipindua kichwa chini, 0, 1, 2, 5 na 8 zinabaki zilezile, na 6 na 9 zinabadilishana. Kwa hiyo unyevu wa asilimia 58 ukiwa kichwa chini unasomeka 85. Huo sio upuuzi wa 5LE, ni namba kamili, inaaminika, na ina maana nyingine kabisa. Mayai ya kuku yanakaa siku 21. Kwa siku 18 za mwanzo unyevu unatakiwa uwe kama asilimia 50 hadi 60, halafu siku 3 za mwisho unapandishwa mpaka 65 au 70 au zaidi kidogo. Mtu akisoma 85 katika siku ya 10 atafanya nini? Atatoa maji. Na ndivyo alivyofanya kijana anayemsaidia yule mama: kaandika 85 kwenye daftari, katoa karai. Bahati mama alirudi jioni ileile akalirudisha. Hewa ikikauka sana kwenye boksi, kifaranga anakauka ndani ya ganda na anashindwa kutoka. Hela ya mayai imekwenda.

Watu wakamshauri mama atoboe boksi upya, wengine wakasema anunue kioo kingine. Dawa ilikuwa ndani ya programu. Kwenye namba ya vijiti 7, kupindua ni hivi: kijiti cha juu kinabadilishana na cha chini, cha kulia juu kinabadilishana na cha kushoto chini, cha kulia chini kinabadilishana na cha kushoto juu, cha katikati hakiendi popote. Kwenye chipu kama TM1637 vijiti hivyo vimepangwa kwenye biti kwa mfuatano, a mpaka g. Kwa hiyo kazi yote ni kuchukua biti 3 za kwanza na kuzibadilishana nafasi na biti 3 zinazofuata, biti ya 7 unaiacha. Halafu unapanga tarakimu kuanzia mwisho kuja mwanzo. Basi.

Kasoro inayobaki ni nukta. Nukta imechongwa kwenye kioo chenyewe, chini kulia kwa kila tarakimu, na ukipindua kioo inahamia juu kushoto. Sasa nukta ya 37.5 huiwashi tena kwenye tarakimu ya 7, unaiwasha kwenye ya 5, na itaonekana imening'inia juu: 37'5. Anayejua hili atamwambia mama mapema, "nukta itakuwa juu, usishtuke." Asiyejua atabaki anakodolea macho programu akitafuta kosa ambalo halipo.

Hapo picha ilikuwa yetu. Ni baiti chache tu, tunaziandaa sisi ndani ya maikrokontrola, na chipu ya kioo haina amri ya kugeuza. Kwa hiyo tunageuza sisi.

Sasa panda ngazi. Njoo kwenye kile kioo cha rangi chenye kontrola ya ILI9341, ambacho nakiona kwenye meza nyingi za maabara yetu. Kina pikseli 240 kwa 320, jumla 76,800. Kila pikseli tunaitumia baiti 2 za rangi, kwa hiyo picha nzima ni baiti 153,600. Arduino Uno yenye ATmega328P ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 2,048. Gawanya mwenyewe: picha ni kubwa mara 75 kuliko chumba ulichonacho. Hata ghala la programu, ambalo ni kilobaiti 32, halitoshi kuitunza picha moja tu.

Maana yake nini? Maana yake huwezi kuichukua picha, ukaigeuza, ukairudisha. Huna pa kuiweka. Picha haikai kwako, inakaa kwenye kontrola, ambayo ina kumbukumbu yake ya baiti 172,800. Na kwa kuwa mwenye picha ni yeye, yeye ndiye wa kuombwa. Ombi lenyewe linaitwa MADCTL, amri 0x36, rejista ya baiti moja. Ndani ya baiti hiyo kuna biti 3 zinazohusika na kugeuza: MY, MX na MV.

Chukua trei ya mayai, ile ya mayai 30, 5 kwa 6. Mtu anakupitishia mayai moja moja, wewe unapanga. Kawaida unaanza pembe ya juu kushoto, unajaza mstari kwenda kulia, unashuka mstari unaofuata. Hiyo ndiyo hali ya kawaida. MX inasema: anza kulia uje kushoto. MY inasema: anza chini upande juu. MV inasema: usijaze kwa mistari, jaza kwa safu. Trei haijasogea hata kidogo, na anayekupa mayai hajabadilisha chochote. Kilichobadilika ni utaratibu wako wa kupanga, na kwa utaratibu huo picha imegeuka.

Sasa angalia zile namba 4 tunazodesa. Kwenye laibrari ya Adafruit ya ILI9341, setRotation 0 inatuma 0x48, 1 inatuma 0x28, 2 inatuma 0x88, na 3 inatuma 0xE8. Zichambue biti kwa biti utaona hamna uchawi. 0x48 ina MX, 0x28 ina MV, 0x88 ina MY, 0xE8 ina zote tatu. Kutoka wima kwenda ubavu, yaani kutoka 0x48 kwenda 0x28, biti 2 zinabadilika, sio 1. Kwa nini? Kwa sababu kubadilishana mistari na safu peke yake hakugeuzi picha, kunaipa sura ya kwenye kioo cha kujitazamia, maandishi yanarudi nyuma. Ili upate robo mzunguko safi lazima ubadilishane mistari na safu na pia ugeuze upande mmoja. Nani ametufundisha hilo darasani? Mimi nimelikuta kwenye kitabu cha chipu, ile PDF ndefu ambayo kila mtu anaidownload na hakuna anayeifungua.

Mtaniuliza, sasa tunapata faida gani ikiwa laibrari imeshafanya? Swali zuri, na sina ugomvi na laibrari. Laibrari ni kazi ya watu waliosoma kile kitabu ili wewe usianze sifuri. Mimi mwenyewe nazitumia. Ugomvi wangu ni kuzitumia kama hirizi. Kwa sababu kuna mambo hayageuki hata uweke namba gani, na laibrari haitakwambia. Nayataja.

La kwanza, picha iliyokwisha kuandikwa haigeuki. Mayai yaliyopo kwenye trei hayahami kwa sababu umebadilisha utaratibu wa kupanga yanayokuja. Ukibadilisha MADCTL katikati ya kazi, lazima uchore upya, la sivyo utakuwa na maandishi ya zamani yamesimama na mapya yamelala.

La pili, mipaka inabadilika. Dirisha la kuandikia unalitaja kwa amri 0x2A ya safu na 0x2B ya mistari, kisha 0x2C unaanza kumwaga rangi. Ukishalaza skrini, safu zinakwenda mpaka 319 na mistari mpaka 239. Mwenye 239 na 319 za kukariri anaona picha imekatwa ubavuni anadhani kioo kimekufa.

La tatu, rangi. Ndani ya baiti ileile ya MADCTL kuna biti ya 0x08 inayosema mpangilio wa rangi ni bluu kwanza au nyekundu kwanza. Tazama zile namba 4 hapo juu, zote zinaishia na 8. Mtu anayeandika 0x20 badala ya 0x28 kwenye kioo cha namna hiyo atapata skrini iliyolala vizuri kabisa, ila nyekundu imekuwa bluu. Sasa fikiria umemwambia mtumiaji: nyekundu ni joto limezidi, bluu ni limepungua. Joto limezidi, skrini inawaka bluu, mtu anaongeza balbu. Umepika mayai ya watu, ndugu yangu.

La nne, kusogeza maandishi. Kontrola hii ina amri zake za kusogeza, 0x33 na 0x37, lakini zinasogeza kwa ule upande mrefu wa pikseli 320 tu, kioo kisimame kilale. Ukishakilaza, ulichotaka kipande juu kinakwenda pembeni. Na kioo kinaendelea kujichora upya kwa mistari yake ya asili hata kama wewe unaandika kwa safu, ndio maana picha zinazokimbia kwenye skrini iliyolazwa huonekana zimechanika kwa mshazari.

La tano, kidole. Vioo vingi vya kugusa vya bei ya chini vina chipu nyingine kabisa ya kusoma kidole, mara nyingi XPT2046. Hiyo haina habari na MADCTL. Umegeuza picha, hujageuza mguso, basi mtu anabonyeza "WASHA" inazima.

La sita ni kontrola tofauti kwenye vioo vinavyofanana. Kuna vioo vya mraba vya pikseli 240 kwa 240 vyenye ST7789, lakini kumbukumbu ya ndani ni ya 240 kwa 320. Kioo kinaonyesha sehemu tu ya kumbukumbu. Wima inakaa sawa, ukipindua kichwa chini picha inahama kwa pikseli 80 kwa sababu zile 80 ambazo zilikuwa zimefichwa chini sasa umeanza kuhesabu kutoka kwake. Dawa ni kuongeza 80 kwenye hesabu. Mtu anayejua trei ina mashimo mengi kuliko yanayoonekana ataelewa mara moja. Anayekisia 0 mpaka 3 atakisia mpaka asubuhi.

Upande wa pili wa shilingi upo, tusidanganyane. Sio kila kontrola ukiiomba inakubali. Kile kioo kidogo cha SSD1306, pikseli 128 kwa 64, kina amri za kupindua kushoto na kulia (0xA0 na 0xA1) na juu na chini (0xC0 na 0xC8). Ukizitumia pamoja unapata kichwa chini. Robo mzunguko hakina. Hapo lazima ugeuze mwenyewe, na hapo inawezekana, kwa sababu picha nzima ni baiti 1,024, hata Uno inaibeba, ingawa kwa kubana. Yale mabango ya taa ya P10 tunayoyaona madukani nayo hivyohivyo: kipande kimoja ni nukta 32 kwa 16, yaani 512, kwa rangi moja ni baiti 64. Ndani yake kuna chipu za kusukuma biti tu, hazijui juu wala chini. Mwenye duka la dawa akitaka bango lisimame wima kwenye nguzo, mgeuzaji ni programu yako, na ni kazi nyepesi.

Mnaona ninakokwenda? Jibu linabadilika kila kioo, ila swali halibadiliki. Picha inakaa wapi? Ikikaa kwako na ni ndogo, geuza mwenyewe. Ikikaa kwa kontrola na ni kubwa, muombe kontrola, kisha uliza ni nini hakigeuki.

Sasa kuna hoja naisikia sana kwenye diskasheni: "Ah, mwanangu, nunua ESP32 uwe na kumbukumbu ya kutosha, matatizo yote kwisha." Sikatai, ESP32 ni chipu nzuri. Lakini kununua chumba kikubwa ili usisome ukurasa mmoja ni anasa, na anasa hiyo anailipia mteja wa Ngarenaro, sio wewe. Halafu ukubwa hautoi dawa ya mwendo. Kwenye Uno waya wa SPI unakwenda biti milioni 8 kwa sekunde kwa kiwango cha juu. Picha nzima ni biti 1,228,800, kwa hiyo kuichora yote ni sekunde 0.15 hata usipofanya jambo lingine. Anayejua hesabu hiyo hachori skrini nzima kila mara. Anachora tarakimu iliyobadilika. Tarakimu ya pikseli 24 kwa 32 ni baiti 1,536, inapita kwa milisekunde 1.5 hivi. Mashine inaonekana nyepesi kwenye chipu ileile ya bei nafuu. Hiyo ndiyo faida ya kusoma.

Na mahali pa kusomea hapa Chuga hatujapungukiwa. Chuo cha Ufundi Arusha kimeanza 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani. TEMDO, ya kubuni mitambo, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Pale Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela kupitia kituo cha CENIT@EA ilianza mwaka 2019 kufundisha shahada ya uzamili ya mifumo iliyopachikwa, yaani kompyuta ndogo zilizofichwa ndani ya vifaa. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya "Tanzania hatuna vifaa". Kioo tunacho, kitabu chake ni cha bure, muda wa kubishana mpira tunao.

Kinachotukwamisha naona ni viwili. Kimoja ni namna tunavyopimwa: skrini ikiwaka kwenye prezentesheni, maksi zimeingia, hakuna anayeuliza biti. Cha pili ni lugha. Kile kitabu kimeandikwa Kiingereza kigumu, tena mara nyingine cha kutafsiriwa kutoka Kichina, na sisi tunaona aibu kukaa chini tukaelezana kwa Kiswahili, eti sio lugha ya uhandisi. Mbona trei ya mayai imetosha? Safu, mstari, anza kulia, anza chini, badilisha. Yule kijana wa mama jirani nilimweleza hivyo hivyo, na alielewa kwa nini 58 ilikuwa 85 kabla hata sijamaliza kuchora vijiti.

Pendekezo langu kwa wana wa mwaka wa mwisho, na kwa walimu kama wapo wanaopita hapa: ripoti yoyote yenye skrini ijibu maswali matatu kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Picha inakaa kwenye kumbukumbu gani na ni baiti ngapi? Nani anaigeuza, programu au kontrola, na kwa biti zipi? Na nini hakijageuka, yaani mguso, rangi, nukta, kusogeza? Nusu ukurasa inatosha. Aliyedesa ataonekana hapohapo, na aliyesoma hatahitaji kujitetea.

Mimi nimeshaanza kwenye kundi letu, tuko wanne, kila Alhamisi saa 10 jioni tunafungua kitabu cha chipu moja na kusoma kurasa 5 tu. Wiki ijayo ni zamu ya XPT2046. Anayetaka kujiunga aje na kioo chake, hasa kile kilichomshinda. Ni hayo tu kwa leo, tuko pamoja.